Kingamwili ya fosfo: ile herufi "p" kwenye chupa ina maana gani?

Fungua frija ya maabara yoyote inayochunguza mawasiliano ya seli, utakuta vichupa viwili vya kingamwili (protini za kinga zinazonasa shabaha maalumu) vinavyofanana kama pacha. Kimoja kimeandikwa ERK, cha pili p-ERK. Kingamwili ya kwanza huinasa ERK, protini inayopitisha ujumbe ndani ya seli, katika hali yoyote. Ya pili huinasa ERK ile tu iliyobandikwa fosfeti (kikundi kidogo cha fosforasi na oksijeni), tena mahali palepale panapotakiwa. Hii ya pili ndiyo kingamwili ya fosfo.

Fosfeti ina kazi gani hapo? Seli ikipokea ujumbe kutoka nje, mara nyingi haisubiri kutengeneza protini mpya. Inazigeuza hali zile ilizonazo. Vimeng'enya viitwavyo kinasi huchukua fosfeti kutoka kwenye ATP, molekuli ya nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini, hasa juu ya asidi amino (matofali ya protini) tatu: serini, threonini na tairosini. Vimeng'enya vingine, fosfatasi, huibandua. Edmond Fischer na Edwin Krebs waliugundua mchezo huu miaka ya 1950, wakichunguza kimeng'enya cha misuli kinachovunja glaikojeni, na mwaka 1992 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Ugumu ni kwamba alama yenyewe ni ndogo mno. Fosfeti moja huongeza uzito wa dalton 80 hivi (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), ilhali ERK, yenye maumbo mawili, ina dalton 42,000 na 44,000. Ukizitenganisha protini kwenye jeli ya kawaida kwa umeme, iliyobandikwa na isiyobandikwa hukaa karibu pamoja kabisa. Ndiyo maana inatafutwa kingamwili yenye jicho la kuiona hiyo fosfeti.

Kuitengeneza, wataalamu huunda kipande kifupi cha protini husika, asidi amino kumi na kitu hivi, kikiwa tayari na fosfeti yake. Kipande hicho hufungwa kwenye protini kubwa ili kinga ya mwili ikitambue, kisha sungura hudungwa. Damu yake hutoa mchanganyiko: kingamwili nyingine hushika fosfeti pamoja na jirani zake, nyingine hushika kipande hata kikiwa kitupu. Hizi za pili ni za kuondolewa. Mchanganyiko hupitishwa kwenye mrija wenye chembe zilizofungwa kipande kisicho na fosfeti, nazo hizo za pili zikanaswa humo. Uchujaji huu ukifanywa ovyo, jina la chupani litakuwa la uongo.

Kwenye lebo utaona pia maandishi kama Thr202/Tyr204: threonini ya 202 na tairosini ya 204, kwa hesabu ya ERK1 ya binadamu. Kwenye ERK2 sehemu hizohizo ni 185 na 187, jambo linalowachanganya wengi bure.

Sasa tuseme una sahani mbili za seli zilizonyimwa seramu (majimaji ya damu yenye vichocheo vya ukuaji) usiku kucha. Moja unaitia kichocheo cha ukuaji EGF kwa dakika tano, nyingine unaiacha. Unazivunja zote, unapitisha protini kwenye jeli, unazihamishia kwenye utando, kisha unaweka kingamwili ya p-ERK, nayo huonyesha mstari pale inaponasa. Kwa seli nyingi, sahani iliyochochewa itatoa mistari miwili mizito, nyingine mistari hafifu au hakuna kitu. Usishangilie bado. Pima pia kwa kingamwili ya ERK yote, ile ya chupa ya kwanza. Kama nayo imepanda sahani ya kwanza, huenda uliweka protini nyingi zaidi upande huo, basi.

Kwa maoni yangu, kingamwili hulaumiwa sana kwa makosa yaliyofanyika kabla haijatolewa hata kwenye frija. Seli ikishapasuka, fosfatasi zake haziachi kazi. Ukichelewa, zitabandua fosfeti zote ukiwa bado unatafuta kalamu ya kuandikia vichupa. Ndiyo maana sampuli hukaa kwenye barafu na kutiwa vizuizi tangu mwanzo: othovanadati ya sodiamu kwa fosfatasi za tairosini, floridi ya sodiamu kwa zile za serini na threonini. Halafu kuna maziwa ya unga, yanayotumika kuziba nafasi tupu za utando. Kaseini ya maziwa yenyewe ina fosfeti, hivyo wengi hutumia albumini ya ng'ombe badala yake.

Ukiishuku kingamwili yako, chukua sehemu ya sampuli uitie fosfatasi kwa makusudi. Mstari wa p-ERK lazima upotee, wa ERK yote ubaki palepale. Usipopotea, kingamwili inashika kitu kingine.

Tahadhari ya mwisho ni ya usomaji. Wengi huona mstari mweusi wakaandika "imewashwa". Kwa ERK, sawa, fosfeti zile mbili huiwasha. Lakini GSK-3 beta, kinasi nyingine, ikibandikwa fosfeti kwenye serini ya 9 hupungua nguvu, kwa hiyo hapo mstari mweusi zaidi ni dalili ya kimeng'enya kilichozimwa.