Nesi wa majumbani hajashushwa cheo: dhana potofu na ukweli

Nesi akisema anaenda kusomea ubingwa wa kuhudumia watu majumbani, swali la kwanza ni "kwani wodini kulikuwa na shida gani?" Nimeulizwa na ndugu, majirani na hata manesi wenzangu, na linaniuma kwasababu ndani yake kuna dhana nyingi ambazo sio kweli kabisa.

Dhana: kazi ya nyumbani nyepesi, unapima presha, unabadilisha bandeji, unaondoka.

Ukweli: wodini ukiona kitu hukielewi unaita mwenzako, nyumbani uko wewe na begi lako. Chukua kidonda cha mguu kisichopona, kile kinachokaa juu kidogo ya kifundo. Vingi vya aina hiyo vinatokana na vena kushindwa kurudisha damu juu, na tiba yake kubwa ni bandeji ya kubana toka karibu na vidole mpaka chini ya goti. Sasa kama shida ya mguu ule ni ateri zimeziba, yaani damu yenyewe haishuki ya kutosha, ukiubana unazuia hata ile kidogo iliyokuwa inafika na mtu anaweza kupoteza mguu. Ndio maana nesi aliyesomea anamlaza mgonjwa kwanza, anamuacha atulie, anapima presha ya kifundo kwa dopla, yaani kifaa kidogo cha kusikilizia damu inavyopita, na ya mkono, halafu anagawanya ya kifundo kwa ya mkono. Ikija karibu na 1 ni dalili nzuri, ikiwa chini ya 0.8 hufungi kwa nguvu ya kawaida mpaka upate ushauri wa bingwa, na mwenye kisukari akitoa namba kubwa usifurahie haraka, ikipita 1.3 mara nyingi ateri zimekuwa ngumu na kipimo kinadanganya. Na hesabu hiyo unaipiga ukiwa umepiga magoti sakafuni, taa hafifu, watoto wanapita.

Dhana: ukishakuwa na leseni ya unesi inatosha, kusoma tena ni kutafuta cheti tu.

Ukweli: leseni ndio inakuruhusu kuingia darasani. Uingereza kwa mfano, baraza la wauguzi na wakunga lilitoa viwango vipya vya ubingwa wa uuguzi wa jamii mwaka 2022, na lazima uwe tayari umesajiliwa kama nesi. Mtu anajifunza kumchunguza mgonjwa mwenyewe bila kusubiri daktari, kuongoza timu, kuamua leo nani atembelewe kwanza na nani anaweza kungoja kesho, kumtunza anayetaka kufia nyumbani kwake bila maumivu. Anajifunza pia kuisoma nyumba, dawa za wiki nzima bado ziko kwenye paketi, mgonjwa anasema anakula vizuri ila nguo zimempwaya.

Kingine kinachosemwa ni kwamba haya ni mambo mapya. Hapana. Mwaka 1859 kule Liverpool mfanyabiashara William Rathbone, baada ya kuona nesi Mary Robinson alivyomuuguza mke wake mpaka mwisho, alimuajiri akahudumie maskini majumbani kwao. Kazi ikaonekana, tatizo likawa manesi waliofundishwa hawatoshi, akamwandikia Florence Nightingale, yule mwasisi wa unesi wa kisasa, na ushauri aliopewa ni wafundishwe palepale mjini. Yaani toka siku za mwanzo kilichokwamisha ni mafunzo.

Dhana ya mwisho, na hii naisikia kwa familia: nesi akija sisi tunakaa pembeni.

Jamani, nesi anakaa labda nusu saa, masaa yaliyobaki mgonjwa yuko na nyie! Kufundisha familia ni nusu ya kazi. Mfano vidonda vya kulalia, vitabu vingi vinasema angalia wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usiuone kabisa, kwahiyo unachukua mkono wa binti wa mgonjwa unauweka kwenye kisigino cha mama yake, unamwambia bonyeza taratibu, sikia kama pana joto au ubaridi kuliko pembeni, kama pamekuwa pagumu au pamelainika. Halafu mnaweka mto chini ya shavu la mguu, sio chini ya kisigino, kisigino kibaki hewani. Kesho yake anakupigia simu mwenyewe, dada nesi, cha kulia kina joto.