Lobelia ya Rwenzori na watu waliomo ndani ya jina lake

Tukiwa tumeketi Bujuku, bonde la milima ya Rwenzori, chai mkononi na baridi imeshatupenya, mpagazi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, huyu Lobelia alikuwa mke wa nani?"

Hakuwa mke wa mtu. Lobelia ni mmea, na jina lake linatokana na Matthias de l'Obel, tabibu na mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Lille mwaka 1538. Milima yetu hii hakuiona kamwe. Aliyempa heshima hiyo ni mtawa Mfaransa, Charles Plumier, na mmea alioupa jina hilo ulikuwa wa mchanga wa pwani! Linnaeus, Mswidi aliyeweka mfumo wa majina ya kisayansi ya mimea, alilipokea jina mwaka 1753, akaorodhesha chini yake mimea mingine kadhaa. Mwaka 1771 akautoa ule wa Plumier na kuuita Scaevola, yaani wa mkono wa kushoto, kwa kuwa petali zake zote zimelalia upande mmoja, kama kiganja kilichokunjuliwa. Bado unaota kwenye fukwe za Afrika Mashariki. Mwenye nyumba alifukuzwa, wapangaji wakabaki na jina.

Mpangaji wetu wa huku juu, karibu mita 4,000, ni Lobelia wollastonii. Ni mmea wa kudumu, si wa msimu, na mkungu wake wa maua humpita mtu kimo. Ukiupapasa utadhani umeshika sikio la mbuzi: manyoya ya kijivu kila mahali, na maua ya samawati hafifu yakichungulia katikati. Ndege wadogo waitwao chozi hupanda wakizunguka mkungu, midomo imejaa chavua. Usiku maji hapa huganda. Manyoya hayo si pambo.

Wollaston, mwenye jina la pili la mmea huo, tofauti na de l'Obel, alifika huku. Alikuwa daktari katika msafara wa jumba la makumbusho la Uingereza wa 1905 na 1906, na kilele kimoja cha Mlima Baker, humu humu Rwenzori, kina jina lake. Mmea wenyewe ulielezwa kitaalamu mwaka 1908 na mtu aitwaye Baker, ndiyo maana vitabuni utaona umeandikwa Lobelia wollastonii Baker f.

Hapo mpagazi akadakia, "Baker wa mlima?" La. Wa mlima ni Samuel, mpelelezi. Huyu ni Edmund, na ile "f." ni filius, mwana, maana baba yake naye alikuwa mtaalamu wa mimea.

"Kumbe ni bin!" akasema, akaongeza sukari.