Kisomo chenye manufaa na pengo la kijinsia nchini Uganda

Kisomo chenye manufaa ni mafunzo ya kusoma, kuandika na kuhesabu yanayotolewa kwa watu wazima yakiwa yamefungamana na kazi na maisha yao: kilimo, afya ya watoto, biashara ndogo, haki zao mbele ya sheria. Mwanafunzi hangoji amalize silabi zote ndipo aone faida yake. Neno la kwanza analoliandika laweza kuwa jina la zao analolima, na kipindi kikaendelea hadi kwenye bei ya zao hilo na namna ya kusoma mizani ya mnunuzi. Nchini Uganda mpango wa serikali wa aina hii umejulikana kwa miaka mingi kwa herufi tatu, FAL, kifupi cha jina lake la Kiingereza, Functional Adult Literacy. Uliwekwa chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, si chini ya Wizara ya Elimu.

Pengo la kijinsia, kwa upande wa kisomo, ni tofauti kati ya kiwango cha wanaume wanaojua kusoma na kuandika na kiwango cha wanawake. Katika sensa ya Uganda ya 1991, ukichukua watu wa umri wa miaka 10 na zaidi, takriban wanaume 65 katika kila 100 walijua kusoma, na wanawake takriban 45. Sensa ya 2014 ilionyesha takriban 77 kwa wanaume na 68 kwa wanawake. Pengo limepungua kwa zaidi ya nusu, na hilo ni jambo la kushukuru.

Lakini tusiisome takwimu hiyo kwa haraka. Pengo la aina hii hupungua kwa njia mbili. Ya kwanza ni mwanamke mzima asiyejua kusoma kwenda darasani akajifunza. Ya pili ni wasichana waliosoma shule ya msingi kukua na kuingia katika hesabu ya sensa, huku bibi zao wakifariki dunia na kutoka katika hesabu hiyo. Mwaka 1997 Uganda ilianzisha elimu ya msingi kwa wote, UPE. Mwanzoni serikali ililipia watoto wanne kwa kila familia, na ilitaka wasichana wawemo miongoni mwa hao wanne. Binti aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule sasa ni mama wa miaka thelathini na kitu, na huenda anajua kusoma vizuri. Mama yake hakupata nafasi hiyo. Kwa hiyo nchi inaweza kutangaza kuwa pengo linazibika, na mwanamke wa miaka hamsini na mitano kule kijijini akawa bado anaweka dole gumba palepale alipoliweka mwaka 1991. Kwangu mimi, kipimo cha haki cha elimu ya watu wazima ni huyu mama. Wastani wa taifa zima hautuelezi habari zake.

Waliokosa shule tunajua kilichowakosesha. Ada ilipokuwa haitoshi, mvulana ndiye aliyepelekwa. Msichana alibaki kuchota maji na kulea wadogo zake, kisha akaozwa mapema. Kaskazini, vita vya waasi wa LRA viliwafukuza watu makwao wakaishi kambini miaka mingi, na shule nyingi zikafungwa. Karamoja, eneo la wafugaji kaskazini mashariki, imebaki nyuma kuliko maeneo mengine yote ya nchi.

Serikali ilikwisha kujaribu mapema. Mwaka 1964, muda mfupi baada ya uhuru, ilizindua kampeni ya kisomo kwa umma, lakini misukosuko ya miaka ya sabini ikaizimisha. Mwaka 1992 ilianza upya kwa majaribio katika wilaya nane, kisha kuanzia miaka ya 1996 na 1997 mpango ukaenea nchini. Mwaka 2002 ukawekewa mkakati wa kitaifa wa miaka mitano.

FAL iliwekwa wazi kwa wanawake na wanaume, lakini ingia katika darasa lolote, chini ya mwembe au ndani ya kanisa, utakuta wanawake ndio wengi, mara nyingi robo tatu ya waliohudhuria au zaidi. Wanaume wengi huona aibu kuonekana wakishika kalamu mbele ya wake zao na majirani. Wengine husema wako tayari kujifunza Kiingereza, wala si kusoma lugha ya nyumbani. Basi mpango wa wote umegeuka kuwa mpango wa wanawake, na hapo ratiba inapaswa kufuata siku ya mwanamke ilivyo. Darasa hukutana alasiri, baada ya shamba na kabla ya kupika. Msimu wa palizi mahudhurio hupungua. Kukiwa na msiba kijijini, hakuna kipindi. Anayeziita siku hizo utoro hajaijua kazi ya mama wa shamba.

Faida ya kisomo inaonekana vizuri zaidi kwenye karatasi zinazohitaji sahihi. Uganda ina sheria ya zamani ya kuwalinda wasiojua kusoma: anayeandika hati kwa niaba ya mtu kama huyo anatakiwa amsomee na kumweleza yaliyomo, kisha aandike humo jina lake kamili na anwani yake. Sheria ya Ardhi nayo inataka mume au mke akubali kabla ardhi ambayo familia inaishi haijauzwa. Ni ulinzi mzuri. Ila ulinzi huo unategemea uaminifu wa yule anayesoma. Mama anayeambiwa "weka kidole hapa, ni mambo ya mbegu tu" hana njia ya kuhakikisha. Akijua kusoma, hata polepole, hata kwa kufuata mstari kwa kidole, ataliona neno "ardhi" na kuuliza.

Fedha za serikali ni hivyo hivyo. Mpango wa maendeleo wa ngazi ya parishi, yaani kundi la vijiji, uliozinduliwa mwaka 2022, PDM, umetenga asilimia 30 ya fedha zake kwa wanawake. Kabla yake ulikuja mpango wa UWEP wa kuvikopesha vikundi vya wanawake bila riba. Yote miwili inadai fomu, daftari la kikundi na kumbukumbu za mikutano. Kikundi ambacho mmoja tu anajua kuandika kinamtegemea huyo mmoja kwa kila kitu, na akiwa si mwaminifu wenzake hawana la kumshika nalo. Asilimia 30 inaweza kuandikwa vizuri sana katika sera na bado isiwafikie wale iliokusudiwa.

Suala la lugha linahitaji uangalifu. Madarasa huanza kwa lugha za wenyeji kama Luganda, Lusoga, Ateso au Lugbara, na ndivyo inavyofaa, kwa sababu mtu hujifunza kusoma kwa wepesi katika lugha anayoielewa. Lakini sisi wa mipakani tunajua kuwa soko lina lugha zake. Mama anayevuka mpaka wa Uganda na Kenya pale Busia na magunia ya mahindi anapatana bei kwa Kiswahili, kisha anakutana na fomu za forodha zilizoandikwa kwa Kiingereza. Jumuiya ya Afrika Mashariki imemrahisishia mfanyabiashara mdogo kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa, kwa shehena isiyozidi dola 2,000. Asiyeweza kukisoma humlipa mtu wa kumjazia, au hupita njia za panya na kuhatarisha mali yake. Darasa la Busia lingefaa kuitumia fomu hiyo kama somo.

Udhaifu mkubwa wa FAL umekuwa kwa walimu. Wengi wamefundisha kwa kujitolea, wakipata posho ndogo au baiskeli, na wengine hawakupata chochote. Walimu hao wakishaanza kuzaa na kulima, huacha. Hapa ndipo suala la wizara linapouma: fedha nyingi za elimu huenda shuleni, na kisomo cha watu wazima kinagombania mgao wa wizara ambayo bajeti yake ni ndogo. Ninaamini kwa dhati kwamba mwalimu wa mama wa miaka hamsini anastahili mshahara kama anavyostahili mwalimu wa mtoto wa miaka saba.

Katika miaka ya karibuni serikali, ikishirikiana na shirika la Kijerumani la DVV International, imeleta mfumo mpya unaoitwa ICOLEW, ulioanza kwa majaribio katika wilaya za Mpigi, Iganga, Namayingo na Nwoya. Huu unaunganisha kisomo na vikundi vya kuweka na kukopa, ujuzi wa biashara na maendeleo ya kijiji. Hesabu inajifunzwa kwenye sanduku la akiba la kikundi chenyewe, na pale hata wanaume huja, maana pesa yao imo.

Anayetaka kumwandikisha mama, shangazi au yeye mwenyewe aanze kwa afisa maendeleo ya jamii kwenye ofisi ya gombolola, yaani kata. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, pia hujua kama kuna darasa karibu. Kama halipo, watu wa kijiji wanaweza kwenda pamoja kwa afisa huyo kuliomba.