Keki Haijakatwa, Bado Nina Minne

Darasani kwetu kuna kalenda kubwa ukutani, na picha ya kila mtoto imebandikwa kwenye tarehe yake ya kuzaliwa. Jumatatu moja tukiwa tumeketi mkekani nilimgeukia binti mmoja ambaye siku yake ilikuwa imeangukia Jumamosi. Nikamwambia, "Hongera mwanangu, sasa una miaka mitano." Akanikazia macho. "Hapana Mwalimu, bado nina minne. Keki haijakatwa."

Kwao walikuwa na msiba wa bibi mzaa baba, sherehe ikasogezwa mbele wiki mbili. Kwa wiki hizo zote, kila aliyemuuliza umri alionyeshwa vidole vinne, kidole gumba kimekunjwa kabisa. Jumatatu iliyofuata sherehe alifika shuleni mkono wote umekunjuliwa, na kabla sijamsalimia akanieleza kwamba viatu vimeanza kumbana.

Nimefundisha watoto wa miaka 3 hadi 6 kwa miaka 17. Kauli za namna hii nilianza kuziandika kwenye daftari siku nilipogundua kwamba watoto wasiojuana, wa mitaa tofauti, wananiambia jambo lilelile.

Watafiti nao wamelikuta. Jacqueline Woolley wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, Marekani, pamoja na Amanda Rhoads, waliwasimulia watoto wa miaka 3 hadi 5 visa vya watoto watatu. Mmoja alifanyiwa sherehe kama kawaida, wa pili hakufanyiwa kabisa, wa tatu alifanyiwa mbili. Kisha wakauliza: sasa kila mmoja ana miaka mingapi? Wengi wa wale wadogo zaidi waliona sherehe ndiyo inayoongeza umri, hivyo aliyeikosa amebaki palepale. Huko Israeli, Rama Klavir na David Leiser walikuwa wamechapisha mwaka 2002 utafiti wao juu ya watoto na siku za kuzaliwa, nao walikutana na mawazo ya ukoo huohuo.

Ukikaa upande wa mtoto, hesabu yake haina kasoro. Jana alipoulizwa alisema minne na watu wakaitikia. Leo akisema minne, kila mtu anamsahihisha: "Sasa mitano!" Katikati ya jana na leo kimepita kitu gani? Hakuona mwaka ukipita, kwa sababu mwaka hauonekani. Alichokiona ni mishumaa, wimbo, keki, na majirani waliokuja na ndoo wakamlowesha.

Hayo maji yana habari yake. Desturi yetu ya kumwagia maji mwenye bethidei imezaa nadharia nzima darasani kwangu. Mwaka mmoja tulikuwa tumeotesha maharage kwenye makopo yenye pamba, kila asubuhi watoto wanayanyunyizia. Mvulana mmoja akawaeleza wenzake, kwa utulivu wa mtu mwenye uhakika, kwamba mtu naye humwagiwa maji ili akue, ila yeye ni mara moja tu kwa mwaka kwa sababu mtu ana nguvu kuliko maharage. Mwenzake akauliza, mbona wanaooga kila siku hawazeeki upesi? Akajibiwa kwamba maji ya kuoga yana sabuni.

Kulikuwa na mwingine aliyekatiwa keki shuleni Ijumaa na nyumbani Jumapili. Alikuwa anatimiza sita. Jumatatu alikusanya vitu vyake, akaniaga vizuri, akasema anakwenda darasa la kwanza kwa kuwa sasa ana saba.

Na kuna wale wanaowafikiria wazee. Bibi na babu wengi hawana tarehe ya kuzaliwa. Wanajua tu kwamba walizaliwa mwaka wa njaa au mwaka wa nzige, na keki hawajakatiwa hata siku moja. Mtoto anayeamini kwamba keki ndiyo hukuza anafanyaje na bibi wa namna hiyo? Mmoja aliniambia bibi yake alizaliwa hivyohivyo, bibi, na mvi zake. Mwingine alimzuia mama yake asimwandalie bibi sherehe, maana bibi amezeeka vya kutosha na akiongezewa mwaka atakufa. Huyo nilimkalisha pembeni, tukazungumza muda mrefu. Alikuwa amebeba ulinzi wa maisha ya bibi yake peke yake.

Lugha yetu nayo inachangia. Kiswahili tunasema mkubwa kwa mwenye umri na mkubwa kwa mwenye umbo; tunasema kukua kwa kurefuka na kukua kwa kuongeza miaka. Sasa mpe mtoto mama mdogo aliye mrefu na mnene kuliko mama yake, halafu umwambie mama ndiye mkubwa. Nimewahi kuona mtoto akikataa kata kata. "Mama mdogo ndiye mkubwa, Mwalimu. Mtazame!"

Ila si Kiswahili peke yake. Jean Piaget, Mswisi aliyechunguza fikra za watoto kwa miongo mingi, alichapisha mwaka 1946 kitabu kuhusu namna watoto wanavyouelewa muda. Aliwaonyesha watoto picha za mti wa tofaa na mti wa peasi, akawaambia wazi kwamba mmoja ulipandwa mwaka mmoja baada ya mwingine. Wadogo walipouona ule wa pili umepita mwenzake kwa ukubwa na kwa matunda, walisema huo ndio wenye umri mkubwa. Walimwambia pia kwamba watu wakishakuwa wakubwa hawaongezeki umri, maana hawarefuki tena.

Nasi tuliwapima hivyohivyo. Wenye umri wangu wanakumbuka: unapelekwa kuandikishwa shule, cheti hakuna, unaambiwa upitishe mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Likishikika, umefika umri. Lisiposhikika, rudi mwakani.

Hata tarakimu yenyewe ya umri ni watu waliokubaliana. Korea Kusini kwa desturi mtoto alihesabiwa ana mwaka mmoja siku anapozaliwa, na kila tarehe 1 Januari watu wote wakaongezewa mwaka kwa pamoja. Aliyezaliwa 31 Desemba aliamka kesho yake ana miwili. Sheria iliyoanza kutumika Juni 2023 ndiyo iliyoweka hesabu ya tarehe ya kuzaliwa kwa mambo ya kiserikali.

Mwili haungoji tarehe. Mtoto wa umri wa chekechea hurefuka kiasi cha sentimita 6 au 7 kwa mwaka, kidogo kidogo. Mifupa yake mirefu ina gegedu laini karibu na ncha, na hapo ndipo urefu unapoongezeka. Baada ya balehe gegedu hiyo hugeuka mfupa, urefu ukasimama, lakini miaka inaendelea kuhesabiwa.

Kuna jambo moja nawaomba wazazi kwa moyo wangu wote: acheni kuufanya umri kuwa tishio au ahadi. "Wenye miaka mitano hawakojoi kitandani." Mtoto anaisikia kama habari ya kweli. Nilikuwa na mvulana aliyeamka asubuhi ya bethidei yake shuka limelowa. Nyumbani hawakumgombeza, lakini alifika shuleni kimya, akangoja wenzake watoke, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini kama nitamwandika tena kuwa ana minne. Kibofu hakijui kalenda, nikamwambia, na mitano yako hakuna wa kukunyang'anya.

Ninachofanya darasani ni kumpa mtoto kitu cha kutazama badala ya keki. Siku moja kabla ya bethidei namsimamisha kwenye fremu ya mlango, napiga mstari wa penseli juu ya kichwa chake. Kesho yake tunarudia, mstari ni uleule. Wengine hununa. Tunauacha, na baada ya miezi mitatu, siku isiyo na keki wala wimbo, tunapima tena na kuukuta umeachwa chini. Hapo hunyamaza, wakaugusa kwa kidole.

Kwa ndugu natumia visoda. Mvulana wa miaka minne aliniambia anasubiri bethidei mbili tu amfikie kaka yake wa miaka sita, wawe sawa. Nikampangia mezani visoda vinne vyake, na sita vya kaka. Mwaka ukipita, nikasema, wewe unapata kimoja, kaka naye kimoja. Tukahesabu. Mwaka mwingine, kimoja na kimoja. Tukafika kumi kwa kumi na mbili, akawa anatazama safu zile mbili kama mtu aliyedhulumiwa. Akahesabu upya peke yake tangu mwanzo. Kisha akachukua kisoda cha mwisho cha kaka yake, akakitia mfukoni.

"Basi mwaka huo yeye asikate keki," akasema.