Mwenyekiti wa chama Ujerumani si lazima awe chansela

Wengi huamini kwamba mhafidhina wa Ujerumani akishaongoza jimbo na kushika uenyekiti wa chama, ukansela, yaani uongozi wa serikali ya taifa, unamsubiri. Imani hiyo ina chanzo: yupo aliyepita njia hiyo akafika.

Ila vyeo hivyo ni vitatu, kila kimoja na wapigakura wake. Mwenyekiti huchaguliwa na wajumbe wa mkutano mkuu wa chama. Waziri mkuu wa jimbo huchaguliwa na bunge la jimbo lake. Serikali ya Berlin haimteui wala haiwezi kumfukuza. Chansela huhitaji kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote wa taifa, wasiohudhuria wakihesabiwa pia. Hapo ndipo pagumu, maana chama kimoja ni nadra kufikisha nusu bila mshirika.

Tazama Bavaria. Wahafidhina wa huko wana chama chao, mbali na kile cha majimbo mengine 15. Mwaka 1980 na 2002 mgombea ukansela wa pamoja wa vyama hivyo viwili alikuwa mwenyekiti wa chama hicho kidogo, tena waziri mkuu wa jimbo. Wote wawili walishindwa, wakabaki Munich, mji mkuu wa jimbo hilo, na cheo chao.

Kuhakikisha, fungua Katiba ya Ujerumani, ibara ya 63. Tafsiri ya Kiingereza ipo mtandaoni bure. Katika wasifu wowote, uliza kila cheo kilitokana na kura za nani.