Kwa Nini Bia ya Ngano ya Bavaria Hunukia Ndizi na Karafuu?

Mimina bia ya ngano ya Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, ambayo wenyewe huiita Weissbier, kwenye glasi yake ndefu. Ngoja povu lishuke kidogo, kisha sogeza pua. Inayotangulia ni harufu ya ndizi mbivu, ya ile ambayo ganda lake limeshaanza kuweka madoa. Nyuma yake inakuja karafuu. Wengi wakiionja mara ya kwanza huamini kwamba kiwandani wametia manukato, na huwezi kuwalaumu, maana harufu zenyewe hazijifichi. Lakini ndani ya chupa hiyo hamna ndizi wala karafuu. Mna maji, kimea cha ngano, kimea cha shayiri, hamira na hopsi, yale maua machungu yanayolimwa kwa wingi sehemu za Hallertau, kaskazini mwa Munich.

Jibu fupi ni kwamba hiyo ni kazi ya hamira. Jibu refu lina faida zaidi, kwa sababu ukishalielewa unaweza kuzipanga bia za jadi za Bavaria mezani, ukaonja moja baada ya nyingine na kujua kila ladha imetoka wapi.

Tuanze na sheria. Tarehe 23 Aprili 1516, mjini Ingolstadt, watawala wawili ndugu, Wilhelm wa Nne na Ludwig wa Kumi, walitangaza kwamba bia ya Bavaria itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji peke yake. Sehemu kubwa ya tangazo hilo ilihusu bei ya kuuzia, si upishi. Hamira haikutajwa kabisa; wapishi wa bia walijua tu kwamba mashapo ya pipa lililopita yanaamsha pipa jipya. Sheria hiyo iliwabana watu kwa namna ambayo mpaka leo inaonekana kwenye glasi: huruhusiwi viungo, matunda wala asali, kwa hiyo ladha yoyote unayoitaka ni lazima uitoe kwenye nafaka, maji, moto, baridi na hamira. Mbege ya Wachagga kule Kilimanjaro, inayopikwa kwa ndizi halisi na kimea cha ulezi na kutiwa uchungu kwa magome ya msesewe, isingepita mbele ya watawala wale hata kidogo.

Ngano nayo haikuwemo. Sababu inayotajwa sana ni kwamba ilitakiwa ibaki kwa ajili ya mkate. Hata hivyo mwaka 1548 ukoo wa Degenberg ulipewa ruhusa ya pekee ya kupika bia ya ngano, na ukoo huo ulipokatika mwaka 1602 mtawala Maximilian wa Kwanza aliichukua haki hiyo akaifanya mali ya dola. Kwa karibu karne mbili fedha za bia ya ngano ziliingia kwenye hazina ya watawala. Baadaye watu waliichoka bia hiyo, viwanda vikafungwa kimoja kimoja, hadi mwaka 1872 mpishi wa bia Georg Schneider alipopata haki ya kuipika kutoka kwa Mfalme Ludwig wa Pili na kuinusuru. Leo kanuni za Ujerumani zinataka angalau nusu ya kimea cha bia ya aina hii kiwe cha ngano.

Sasa turudi kwenye ndizi. Hamira inapokula sukari ya kimea haitoi kileo na gesi peke yake. Hutoa pia vitu vidogo vidogo vingi vyenye harufu, na kimojawapo huitwa isoamili asetati. Kemikali hiyo ndiyo hasa inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Kwa hiyo pua yako haidanganyiki: ile ya kwenye bia na ile ya kwenye ndizi ni kitu kimoja, ila moja imetengenezwa na mgomba na nyingine na kijidudu kisichoonekana kwa macho.

Hamira inapata nini kwa kunukia hivyo? Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2014 majaribio yanayoeleza jambo hili vizuri. Hamira haina miguu wala mabawa. Inzi wadogo wa matunda huvutwa na harufu hizo, wanatua, wanajipaka hamira na kuipeleka kwenye tunda jingine. Watafiti walipoilemaza jeni inayohusika, inzi walivutwa kidogo sana na hamira hiyo. Ninaipenda sana habari hii, kwa sababu inaonyesha kwamba harufu tunayoilipia baani ilikuwepo kwa sababu zake muda mrefu kabla binadamu hajajua kupika pombe.

Karafuu ina njia yake. Ndani ya kuta za punje za shayiri na ngano kuna asidi feruliki. Mpishi akikoroga kimea kwenye maji ya moto wa wastani, kama nyuzi 45 za Selsiasi, na kukiacha hapo kwa muda kabla ya kuongeza moto, asidi hiyo hulegea na kuingia kwenye maji. Baadaye hamira huivunja na kutoa kitu kiitwacho vinili gwayakoli. Karafuu za Pemba na Unguja zinanukia kwa sababu ya yujenoli, ambayo ni ndugu wa karibu wa gwayakoli hiyo kwa umbo, na pua huzipokea kama harufu za nyumba moja.

Hapa ndipo bia ya ngano inapotengana na nyingine. Hamira za porini kwa kawaida zina uwezo huo wa kutengeneza harufu ya karafuu. Hamira nyingi za bia zimeupoteza, kwa sababu wapishi waliikataa harufu hiyo kizazi baada ya kizazi na kuendelea na mashapo ya mapipa yasiyokuwa nayo. Tafiti za vinasaba zilizochapishwa mwaka 2016 ziliona jambo hili waziwazi: jeni mbili zinazofanya kazi hiyo zimeharibika kwenye hamira nyingi za bia, lakini kwenye hamira za bia ya ngano bado ni nzima. Watu wa Bavaria waliitunza harufu ambayo wengine waliitupa.

Mpishi naye ana sauti. Uchachushaji wa bia hii hufanyika kwenye joto la nyuzi 18 hadi 22 hivi. Joto likipanda, ndizi inazidi. Chombo chenyewe kina athari pia. Kwenye tangi refu lililofungwa, uzito wa bia na gesi huibana hamira na ndizi inapungua, ndiyo maana viwanda vingine, Schneider kikiwemo, bado vinachachusha kwenye mapipa mapana yaliyo wazi. Akitaka karafuu zaidi, mpishi huongeza muda ule wa nyuzi 45. Ukiweka mezani bia ya Schneider ya asili, yenye rangi ya kaharabu, na ile ya Weihenstephan ya mjini Freising, kiwanda kinachojihesabia umri tangu mwaka 1040, tofauti inajitokeza haraka. Kwa pua yangu Schneider inaelemea karafuu, na Weihenstephan inaelemea ndizi.

Namna ya kumimina si mapambo. Suuza glasi kwa maji baridi, iinamishe sana, mimina taratibu ubavuni mpaka kwenye chupa kubaki kama vidole viwili vya bia. Onja hapo kwanza. Halafu izungushe chupa ili hamira iliyolala chini iamke, na umimine mabaki hayo juu ya povu. Onja tena. Bia imekuwa na ukungu, imekuwa nzito mdomoni, na nyuma ya karafuu kuna harufu ya unga wa mkate unaoumuka. Usiinywe ikiwa baridi ya barafu, maana harufu hizi hazipandi zikiwa zimeganda. Nyuzi 8 zinatosha. Na kwa anayenunua chupa iliyoagizwa Nairobi au Dar es Salaam, atazame tarehe. Ile kemikali ya ndizi huvunjika polepole chupani, na joto la njiani au la kwenye rafu huharakisha. Chupa iliyozeeka inaweza kukushawishi kwamba habari za ndizi ni porojo.

Kando ya Weissbier weka Helles, bia ya dhahabu inayonywewa kila siku kwenye bustani za bia za Munich. Hapa hamira imefanya kinyume: imenyamaza. Na ukimya huo nao una historia. Mwaka 1553 Bavaria ilipiga marufuku kupika bia wakati wa joto, kuanzia tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba, kwa sababu bia za kiangazi zilikuwa zinaharibika. Kupika majira ya baridi na kuhifadhi bia kwenye mahandaki yenye barafu kuliipa nafasi hamira inayoweza kufanya kazi kwenye nyuzi 8 hadi 12, ambayo haitoi ndizi ya kutajika wala karafuu. Hamira hiyo ni chotara. Mzazi mmoja ni hamira ya kawaida ya mkate na bia. Mzazi wa pili, anayevumilia baridi, hakujulikana mpaka mwaka 2011 alipotambuliwa kwenye misitu ya Patagonia, Argentina; baadaye akaonekana Tibet, kisha Ireland. Bia nyingi za chupa tunazozijua Afrika Mashariki, Tusker, Kilimanjaro na Primus zikiwemo, ni za ukoo huo wa hamira ya baridi.

Helles yenyewe si ya kale. Kiwanda cha Spaten kiliitoa mwaka 1894, kujibu mapigo ya bia ya dhahabu ya mji wa Plzeň, Bohemia, iliyokuwa ikiwanyang'anya wateja. Kabla ya hapo Munich ilikuwa mji wa Dunkel, bia ya kahawia, na sababu kubwa ni maji. Maji ya Munich yana chokaa nyingi. Ukipikia kimea cheupe kwenye maji ya namna hiyo, uchungu wa hopsi unakuwa mkali wa kukwaruza. Kimea kilichokaushwa kwa moto mkubwa mpaka kikawa cha kahawia kina asidi kidogo, nayo hutuliza chokaa, bia ikatoka laini. Wapishi walifuata kilichowatokea vizuri. Dunkel nzuri ina ladha ya ganda la mkate wa kuoka, karanga zilizokaangwa na mbali kidogo chokoleti, lakini haina utamu unaonata. Ni bia inayodharauliwa kwa sababu ya rangi yake. Watu hudhani ni kali, wakati kileo chake, kama asilimia 5, ni sawa na cha Helles.

Iliyo kali kweli ni Doppelbock, yenye asilimia 7 na kuendelea, iliyoanzia kwa watawa wa Paulaner wa Munich. Kikombe kidogo kinatosha, tena mwishoni.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, onja mbili mbili badala ya kujaza meza. Anza na Helles dhidi ya Weissbier, utaona kazi ya hamira. Kisha Helles dhidi ya Dunkel, ambapo hamira ni ya aina moja na kilichobadilika ni kimea. Katikati kula kipande cha mkate wa brezel na maji. Na kwa asiyekunywa kileo, Weissbier isiyo na kileo ni ya kawaida sana Bavaria, na wanamichezo huinywa baada ya mbio. Harufu ya karafuu ipo. Ila ajue kwamba Ujerumani inaruhusu maandishi hayo kwenye bia yenye hadi asilimia 0.5, kwa hiyo anayejizuia kwa ajili ya dini atafute chupa iliyoandikwa 0,0.

Jozi ya mwisho iko kaskazini zaidi mwa Bavaria, mjini Bamberg. Zamani kimea kilikaushwa juu ya moto wa kuni, na bia nyingi za Ulaya zilikuwa na moshi ndani yake. Tanuri zinazotenga moshi na nafaka zilipoenea, moshi ukatoweka karibu kila mahali. Bamberg viwanda viwili, Schlenkerla na Spezial, havikuacha, na mpaka leo vinakausha kimea chao kwa kuni za mti ambao Wajerumani wanauita Buche. Rauchbier yao, yaani bia ya moshi, inanukia nyama iliyobanikwa. Kinachonukia, kwa sehemu kubwa, ni gwayakoli, ndugu mwingine wa ile harufu ya karafuu kwenye bia ya ngano, safari hii ikitoka kwenye kuni zinazoungua badala ya tumboni mwa hamira. Schlenkerla wana pia Helles isiyotiwa kimea cha moshi hata punje moja. Inapikwa kwenye masufuria yale yale na kuchachushwa kwa hamira iliyokwisha kupita kwenye bia ya moshi, na ukiionja, moshi upo.