Je, wajua? Ilikuwaje mji mdogo wa mafundi friji ukacheza fainali 10 za Ulaya mfululizo

Ukitoka Milano ukaelekea kaskazini kama kilomita 50 hivi, Uswisi iko karibu kabisa, unaukuta mji unaitwa Varese. Sio mji mkubwa, watu kama elfu 80 tu. Sasa sikia hii: kuanzia 1970 mpaka 1979 timu ya basketi ya mji huo ilicheza fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya kila mwaka, yaani fainali 10 bila kuruka hata moja, na kombe ikalibeba mara 5. Hata timu ya basketi ya Real Madrid na ukubwa wao wote haijawahi kufika fainali 10 mfululizo.

Iliwezekanaje? Jibu linaanzia kwenye friji.

Wakati wa vita, mwaka 1943, Milano ilikuwa inapigwa mabomu, familia ya Borghi ikahamishia karakana yao Comerio, kijiji cha jirani na Varese. Walikuwa wanatengeneza majiko ya umeme, ndo maana kampuni yao ikaitwa Ignis, ni Kilatini, maana yake moto, na jina hilohilo la moto baadaye likaja kubandikwa kwenye friji! Miaka ya 50 na 60 Waitalia walianza kushika hela kidogo na kila nyumba ikawa inataka friji, kwa hiyo Giovanni Borghi akatajirika kwelikweli. Na huyu mzee alikuwa anapenda michezo sana, aliweka pesa kwenye baiskeli, kwenye ndondi, na kwenye klabu ya basketi ya Varese iliyoanzishwa 1945. Udhamini wa Italia haukuwa wa kuandika jina kifuani mwa jezi basi, timu yenyewe ilibeba jina la mdhamini, watu wakawa wanashangilia Ignis, Ignis. Ubingwa wa kwanza wa Italia ukaja 1961.

Lakini hela peke yake haichezi fainali 10, matajiri wa michezo walikuwa wengi Ulaya. Mimi naona kilichowabeba Varese ni kwamba waliwajua watu wa kuwachukua. Mfano mzuri ni Dino Meneghin. Huyu alikuwa kijana mrefu wa shule pale Varese, anafanya riadha, mambo ya kurusha tufe na kisahani, kocha Nico Messina akamwona akamvuta kwenye basketi, na 1966 akiwa na miaka 16 tu akawa yupo timu kubwa. Alikaa hapo mpaka 1980. Mwaka 1970 Atlanta Hawks ya NBA, ligi kubwa ya basketi ya Marekani, ikamchagua kwenye drafti, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya, na Mmeksiko aliyekuwa akichezea Varese, Manuel Raga, ikamchagua pia, ila wote wawili wakabaki Italia.

Raga alikuwa na urefu wa kama mita 1.88 hivi, kwa basketi huyo ni mfupi, ila akiruka hashuki, Waitalia wakamwita Mmeksiko anayepaa. Afu 1972 akaja Mmarekani Bob Morse, mtu wa kutupia kutoka mbali, na kipindi hicho mstari wa pointi tatu haujaanza kutumika Ulaya kwa hiyo yale mashuti yake ya mbali yote yalihesabiwa mbili mbili. Ligi ya Italia iliruhusu mgeni mmoja tu, kombe la Ulaya likaruhusu wa ziada, basi wakagawana, Morse anacheza ligi na Raga anaitwa mechi za Ulaya.

Halafu kocha. 1969 walimleta Aleksandar Nikolić kutoka Yugoslavia, watu walimwita Profesa, na kwa miaka yake minne pale alifika fainali zote nne, akashinda tatu. Alipoondoka 1973 akaja Sandro Gamba na mashine haikuzima, makombe ya 1975 na 1976 ni yake, yote kwa kuwafunga Real Madrid.

Ukiangalia matokeo ndo unaona jinsi walivyokuwa wanatembea juu ya uzi. 1972 waliwafunga Jugoplastika ya Split 70-69, pointi moja! 1974 wakafungwa na Real Madrid 84-82, na 1977 ile pointi moja ikawageuka, Maccabi Tel Aviv 78 wao 77. Ya mwisho, 1979 kule Grenoble, walifungwa na Bosna ya Sarajevo 96-93, siku hiyo mtu mmoja, Žarko Varajić, aliwatia pointi 45 peke yake. Hapo timu haiitwi tena Ignis maana Borghi alishauza kampuni yake, wakawa Mobilgirgi, kisha Emerson, majina yakabadilika kila mdhamini alivyobadilika lakini kwa watu wa mji ni Varese ileile.

Meneghin alienda timu ya Milano, baadaye ya Trieste, akaendelea kucheza mpaka 1994, na 1990 akiwa Trieste alikutana uwanjani na kijana wa Varese anaitwa Andrea, mwanawe wa kumzaa. Huyo Andrea ndo alikuwepo kwenye kikosi cha 1999, Varese ilipochukua ubingwa wa Italia baada ya miaka 21, ubingwa wao wa 10, ule unaowapa haki ya kushona nyota kwenye jezi.